Bwawa Lilelile, Hatari Nyingine

Wanachama wenzangu, hebu niwaulize: bwawa likiitwa "la hatari ya juu", maana yake limeshapata nyufa? Mimi nilijibu ndiyo, nikachekwa. Kumbe sivyo.

Tuchukue Marekani. Mnamo 1948, karibu na mji wa Cordell, Oklahoma, lilijengwa bwawa la udongo la kuzuia mafuriko, la kwanza katika mpango wa serikali uliozaa mabwawa zaidi ya 11,000. Mengi yalikadiriwa kudumu miaka 50. Hesabuni wenyewe! Tope hujaa, bomba la chuma huliwa na kutu, na maji yakipenya kando ya bomba hubeba udongo kidogo kidogo mpaka ukuta uwe na shimo ndani.

Lakini daraja la hatari halipimi uzee huo. Hali ya ukuta hukaguliwa kivyake. Daraja huuliza tu: ukuta ukibomoka, kuna nani bondeni? Mashamba matupu, hatari ya chini. Mali nyingi, hatari ya kati. Mtu akitarajiwa kufa, hata mmoja, hatari ya juu. Basi bwawa laweza kupanda daraja bila kuguswa, kwa kuwa watu wamejenga chini yake. Nao hujenga hapo kwa sababu bwawa limezuia mafuriko! Hapo ndipo mimi hushika kichwa.

Bwawa la udongo la Solai, Nakuru, lilikuwa la kunyweshea mashamba, si la mafuriko. Lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Waliokufa walizidi 40, wengi wakiwa majumbani mwao, bondeni.