Aunsi 32 au 40? Kugeuza aunsi kuwa kwati

Kwa vipimo vya Marekani, kwati moja, yaani robo ya galoni, ina aunsi 32 za ujazo. Igawe idadi ya aunsi kwa 32, utapata kwati: aunsi 64 ni kwati 2, aunsi 128 ni kwati 4. Anayeona 32 inamsumbua kichwani na agawe kwa mbili mara tano. Chukua 96: 48, 24, 12, 6, 3. Kwati tatu.

Lakini kwanza ujue kipimo ni cha nani. Mwaka 1824 Uingereza iliibadili galoni yake kwa sheria, ikawa ujazo wa ratili kumi za maji. Marekani ikabaki na galoni ya zamani ya mvinyo, ambayo ni ndogo. Ndiyo maana kwati ya Kiingereza ina aunsi 40, tena aunsi zenyewe hazilingani: ya Uingereza ni mililita 28.4, ya Marekani 29.6. Kwati ya Uingereza ni mililita 1,137, inaipita lita; ya Marekani ni mililita 946, haiifikii.

Wengi huichukulia kwati kuwa lita. Kwenye pilau, upungufu huo wa mililita 54 haudhuru kitu. Kwenye gari ni tofauti. Kitabu cha gari la Kimarekani kikidai kwati 5 za oili, hizo ni lita 4.73: dumu la lita 4 halitoshi, na la lita 5 likimiminwa lote linazidi. Weka lita nne na nusu, washa injini kidogo, zima, subiri oili ishuke, kisha pima kwa kijiti na uongeze taratibu.

Panapotaka uangalifu zaidi ni kwenye ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini, ya mtoto anayeharisha. Soma pakiti: zipo za lita moja, zipo za nusu lita, na nyingine ndogo zaidi. Kama pakiti inataka lita moja na jagi lako lina alama za aunsi za Marekani, usiishie kwenye 32. Lita ni aunsi 33.8, kwa hiyo ongeza karibu aunsi mbili za maji. Maji yakipungua, chumvi inazidi kwa mtoto ambaye tayari mwili wake umekauka. Chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1 ni kipimo bora kuliko jagi hilo.

Mwisho, angalia herufi. "Fl oz" ni ujazo. "Oz" peke yake, hasa ikiandamana na "net wt", ni uzito, na haigeuzwi kuwa kwati kwa kugawa. Asali ya aunsi 16 za uzito ni gramu 454, lakini kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, inajaza kama mililita 320 tu. Lebo za Marekani kwa kawaida huandika pia gramu au mililita. Ukiziona, pima kwa hizo.