Mtoto akimeza betri ya saa, usingoje kukuche

Mtoto akimeza shilingi, wengi wetu huambiana tungoje itoke chooni. Usifanye hivyo kwa betri ndogo ya duara, ile ya saa, rimoti au kitu cha kuchezea. Unaweza kumpoteza mwanao.

Betri hiyo ikikwama katika umio, yaani njia ya chakula kifuani, mate huunganisha pande zake mbili na umeme huanza kupita. Umeme huo huzalisha kemikali kali mfano wa soda ya kutengenezea sabuni, nayo huunguza nyama. Kwa saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Hatari zaidi ni betri ya lithiamu yenye upana wa milimita 20. Hata iliyoishiwa nguvu huunguza.

Huenda mtoto asionyeshe dalili. Mwingine hudondokwa na mate, hukataa chakula, hukohoa au hutapika. Akitapika damu, hali ni mbaya mno.

Ufanye nini?

1. Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji.

2. Ikiwa amepita mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua; haitoi betri. Usichelewe kwa kuitafuta.

3. Mkimbize hospitali apigwe eksirei. Tamka wazi kwamba ni betri, kwa maana katika picha hufanana na sarafu. Iliyokwama hutolewa na daktari bingwa kwa mpira wenye kamera.

Kwa wakazi wa visiwa vya Lamu, saa 2 ni chache. Aliye Siyu au Kizingitini ana bahari ya kuvuka ndipo afike hospitali ya rufaa mjini Lamu, na huenda akahitaji kupelekwa Mombasa, kwa ndege kutoka Manda au kwa gari kutoka Mokowe. Kwa hivyo piga simu hospitali kabla mashua haijang'oa nanga, ili mipango ianze mapema. Asali apewe humo humo safarini.

Mzazi, kagua nyumba yako leo. Rimoti isiyofungwa kwa skrubu iweke juu, na betri kuukuu izungushie gundi ya karatasi kabla ya kuitupa.