Usifute Ujumbe Ule
Sheria za makosa ya mtandao na biashara ya simu kwa wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera

Jumatano soko la mifugo la Garissa hufurika. Ngamia, ng'ombe na mbuzi huletwa kutoka Fafi, Lagdera, Balambala na hata ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Zamani muuzaji alirudi nyumbani na noti kiunoni, akihofia majambazi wa njiani. Siku hizi pesa nyingi hupitia kwenye simu, na mwizi naye amehamia huko huko.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa mfugaji, dalali, ajenti, mama mwenye kibanda na kijana anayewasomea wazee ujumbe wa simu. Sheria kuu tunayoieleza ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, nambari 5 ya mwaka 2018. Simu yako, hata ile ndogo ya vibonyezo, ni kompyuta mbele ya sheria hiyo.

Ujumbe si pesa

Utapeli wa sokoni huenda hivi. Mnunuzi anakubali bei, anabonyeza simu yake, na baada ya muda mfupi simu ya muuzaji inalia. Ujumbe una kiasi, jina na tarehe, vyote vimepangwa kama M-Pesa inavyopanga. Muuzaji anafungua kamba, mnyama anaondoka. Jioni akienda kutoa pesa, ajenti anamwambia akaunti haina kitu.

Ukiutazama vizuri ujumbe wa aina hiyo, juu yake mara nyingi huoni neno M-PESA. Unaona nambari ya kawaida ya simu. Lakini mzee ambaye macho yamechoka, aliyesimama juani huku dalali akimharakisha, hatautazama hivyo. Kwa hiyo tunamshauri kila muuzaji aachane na ujumbe na atazame salio. Bonyeza *334#, au fungua programu ya M-Pesa, uone kama pesa zimeingia kweli. Mnunuzi mwaminifu atasubiri. Anayekukaripia kwa sababu unahesabu mali yako, mwache aende na pesa zake.

Kutunga ujumbe wa uongo ili uchukuliwe kuwa wa kweli ni kosa la kughushi kwa kompyuta, na adhabu yake hufika faini ya shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Kujipatia mali kwa njia hiyo ni ulaghai wa kompyuta: hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela, au vyote viwili. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza pia kumwamuru amlipe fidia aliyeibiwa. Jambo hili la fidia wengi hawalijui, na ndilo linalomfaa zaidi mtu aliyepoteza ngamia.

Pesa iliyokujia kwa makosa

Hapa sheria inawagusa watu wasiojiona wezi. Kifungu cha 35 kinasema kwamba mtu akizuia kwa makusudi malipo ya simu yaliyomfikia kimakosa, ambayo ni haki ya mwingine, ametenda kosa. Adhabu ni faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Kuzima simu, kuitoa pesa haraka, au kusema "ni riziki yangu" hakukuokoi.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosea nambari, tuma ujumbe wako wa M-Pesa kwenda 456 papo hapo. Mpokeaji akishazitoa pesa, kuzirudisha kunakuwa kugumu na huenda ukalazimika kwenda polisi. Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Katika ukoo ambao watu kumi wanaitwa Mohamed Abdi, soma na jina la tatu.

Lakini angalia: matapeli nao hupiga simu wakidai wamekutumia kimakosa. Usimrudishie mtu kutoka mfukoni mwako kwa sababu analia kwenye simu. Tazama salio kwanza, kisha mwambie aombe pesa zirudishwe kupitia kampuni yake ya simu.

Laini ikikatika ghafla

Mahali pengine nchini, laini ikipoteza mtandao ghafla mtu hushtuka. Kwetu hatushtuki. Milingoti ya simu imelipuliwa na Al-Shabaab mara nyingi katika Mandera, Wajir na Garissa, na watu wamezoea kukaa siku nzima bila mtandao. Mazoea hayo ndiyo maficho ya mwizi. Anayekubadilishia laini hupata kadi mpya yenye nambari yako, yako inakufa, kisha anaingia kwenye akaunti zako wakati wewe unalaumu mlingoti.

Muulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo. Yake ikiwa hai na yako imekufa, usingoje hadi kesho. Azima simu, pigia kampuni, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa.

Marekebisho ya sheria yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yametaja wazi kosa hili la kuteka laini ya mwingine kwa nia ya kutenda uhalifu: faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2. Kumhadaa mtu ili atoe nambari ya siri ni kosa tangu 2018, na faini yake hufika shilingi 300,000 au miaka 3 jela. Ajenti au mtumishi anayetoa nambari ya siri ya mteja bila idhini naye ana kosa lake, hadi shilingi milioni 5 au miaka 3.

Laini ya nani?

Tunajua ukweli wa eneo hili. Maelfu ya Wakenya wa hapa walikosa kitambulisho kwa miaka mingi kwa sababu majina yao, au alama za vidole walizochukuliwa wakiwa watoto, zilionekana kwenye orodha ya wakimbizi wa Dadaab. Wakaishi kwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, shangazi au mwenye duka. Hatuwalaumu, hawakuachiwa njia nyingine. Hata hivyo ni lazima tuseme hatari yake. Laini ikitumika katika wizi, au kupokea pesa za watu wabaya, mtu wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye usajili. Na wewe uliyeazimwa laini, ukiibiwa, utapata shida kuthibitisha kwamba pesa zilikuwa zako.

Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukiona usiyoijua, ikane mara moja. Na ukipata kitambulisho chako, kazi ya kwanza iwe kuhamishia laini kwa jina lako.

Si laini peke yake; hawala, yaani kutumiana pesa kupitia kampuni za uhamisho, pia iko chini ya sheria. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa ili kuzuia ufadhili wa ugaidi. Familia zilizotegemea ndugu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba ziliumia hadi leseni ziliporudishwa mwezi Juni mwaka huo. Tuma na upokee kwa kampuni yenye leseni, na udai risiti kila mara.

Mapatano ya WhatsApp

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inatambua mkataba uliofanywa kwa njia ya elektroniki. Ukikubaliana bei ya mbuzi 40 kwa WhatsApp, mwenzako hawezi kuyakana mapatano kwa hoja tu kwamba hayakuandikwa kwenye karatasi. Wosia hauingii katika utaratibu huo, kwa hiyo anayetaka kuusia asitegemee ujumbe wa simu.

Ndiyo maana tunasisitiza: usifute. Wengi wakitapeliwa huona aibu na kufuta kila kitu ili watoto wasione. Aibu ni ya mwizi. Ujumbe, nambari iliyopiga, saa na rekodi ya sauti ni ushahidi ambao Sheria ya Ushahidi inaukubali. Kifungu cha 106B kinataka nakala iliyochapishwa iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, basi itunze simu yenyewe. Polisi nao wanaweza kuiomba mahakama iamuru kampuni ya simu itoe taarifa za mwenye nambari.

Maslaha na picha za wasichana

Maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, yamerudisha mali nyingi kwa amani, na katika deni la mbuzi hatuna neno. Lakini kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa chini ya mti. Kijana akisambaza picha ya siri ya msichana, kisha wazee wa koo mbili wakakubaliana faini ya mifugo, picha bado iko katika simu za watu na msichana hakuulizwa. Kusambaza picha hiyo ni kosa, na anayeipokea na kuwatumia wengine anatenda kosa lile lile: faini ya hadi shilingi 200,000 au miaka 2 jela. Aliyepigwa picha akiwa mtoto, adhabu ni nzito mno, hadi shilingi milioni 20 au miaka 25. Mzazi, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, kabla ya kikao chochote cha wazee.

Pa kupeleka malalamiko

Nenda kituo chochote cha polisi, iwe Garissa mjini, Dadaab, Masalani, Wajir au Mandera. Beba simu, kitambulisho, na kiasi na saa ya kila muamala. Kama Kiswahili ni kigumu kwako, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie. Usimpe afisa wala mkalimani nambari yako ya siri. Mkenya aliyetenda kosa akiwa ng'ambo ya mpaka bado anaweza kushtakiwa hapa, basi usikatishwe tamaa kwamba mtu amevuka. Simulia mambo kwa mpangilio yalivyotokea, hakikisha yameandikwa, na usitoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Iandike mahali pengine mbali na simu, kwa kuwa benki na kampuni ya simu zinaweza kuidai.