Kukadiria Ukali wa Matetemeko ya Kale: Nachingwea na Ruangwa

Tetemeko la ardhi huwa na ukubwa mmoja, lakini ukali wake hutofautiana mahali hata mahali. Ukali hukadiriwa kwa madhara, kwa kipimo cha Mercalli chenye madaraja 12. Katika daraja la 4 vyombo hugongana kabatini. Katika la 6 watu wote huhisi na lipu huanza kubanduka. Katika la 8 nyumba dhaifu huharibika vibaya. Kwa hiyo, hata mahali pasipokuwa na mitambo, maandishi na kumbukumbu za watu hufaa.

Ndivyo N. N. Ambraseys alivyochunguza taarifa za kale za tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, akatoa makala mwaka 1991. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 7.4 hivi, ni miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20.

Je, mtafiti wa Nachingwea na Ruangwa aanzie wapi?

Kwanza, asome shajara za misheni jirani. Lakini akumbuke kwamba katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni za Masasi, Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa. Pengo katika karatasi si ushahidi kwamba ardhi ilitulia.

Pili, awaulize wazee. Mzee huenda asitaje mwaka, bali aseme, "wakati wa mradi wa karanga". Hapo ni kati ya 1947 na 1951. Saa nazo zigeuzwe: "saa nane mchana" ya mzee ni saa 2 katika shajara ya Mzungu. Asiyegeuza atahesabu matetemeko mawili badala ya moja.

Tatu, aulize nyumba ilijengwa kwa nini. Nyumba ya miti na udongo huweza kuyumba isianguke, ilhali ukuta wa matofali mabichi hupasuka upesi. Ufa wa namna moja, basi, hauna maana moja.

Kazi hii si ya anasa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 tu liliua watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Anayedhani kuwa ukimya wa maandishi ni usalama atajenga shule bila mkanda wa zege. Mwalimu na awatume wanafunzi kwa babu na bibi zao wakaulize: Ulikuwa wapi? Uliamka usingizini? Kitu gani kilianguka? Majibu yaandikwe mapema, kwani mzee akifariki, kumbukumbu yake huenda naye.