Mbwa wa Kuwinda: Jinsi ya Kumtambua kwa Umbo na Tabia

Mkulima wa Migori au Homa Bay akitafuta mbwa huambiwa maneno mengi na mwenye kuuza. Ataambiwa, huyu ni wa nasaba. Huyu ni mwembamba kwa kuwa ni mwindaji. Huyu habweki, maana ndivyo walivyo mbwa wa Kongo. Maneno hayo huenda yakawa kweli. Lakini huenda pia mbwa huyo ana njaa, au ana maradhi, na mnunuzi anayalipia maradhi hayo na kuyapeleka nyumbani kwa watoto wake. Kwa hiyo yafaa kila mfugaji ajue kutazama mbwa kwa macho yake mwenyewe.

Mbwa wa kuwinda wako namna mbili. Wa kwanza huwinda kwa macho. Hawa wana miguu mirefu, kifua kilichoshuka, tumbo lililoingia ndani, na kichwa chembamba. Wameumbwa kwa mbio. Wa pili huwinda kwa pua. Hawa ni wazito zaidi, masikio yao ni mapana na yananing'inia, na sauti yao ni nzito, ili mwindaji aisikie kutoka mbali. Ukiona mbwa ana masikio ya kuning'inia na miguu mifupi, kisha mwenyewe akakuambia kwamba ni wa mbio, muulize tena.

Mbwa wa kuwinda aliye karibu nasi kwa asili ni yule aitwaye Basenji, wa misitu ya Kongo, ambaye hutumia macho na pua pia. Alianza kujulikana sana Uingereza mwaka 1937 alipoonyeshwa huko, na mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walikwenda Kongo kutafuta wengine ili kuongeza damu mpya. Jina lake lina mzaha ndani yake. Linatokana na neno lile lile ambalo sisi tumelifanya tusi, yaani mshenzi. Sisi tukisema "mbwa mshenzi" twamdharau mbwa wa kijijini. Ulaya watu hutoa fedha nyingi kumnunua mbwa mwenye jina hilo, na humwandikia cheti.

Basenji si mkubwa. Dume husimama kiasi cha sentimita 43 begani, na uzito wake ni kilo 11 hivi. Jike ni sentimita 40 na kilo 9 na nusu. Masikio husimama wima, na akiyasimamisha kwa kusikiliza, paji la uso hujaa mikunjo midogo kama mzee mwenye mawazo. Mkia umejikunja kama pete na kulala juu ya paja. Manyoya ni mafupi na laini, nyekundu au nyeusi, au yenye milia, pamoja na nyeupe miguuni, kifuani na kwenye ncha ya mkia. Jike wake kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ambapo mbwa wengi hupata mara mbili. Jambo hili halionekani siku ya kununua, lakini likijulikana kwa mama yake ni ushahidi mzuri.

Je, mbwa wetu wa boma, yule ambaye Wajaluo humwita guok, ni Basenji? Hapana, lakini si mgeni kwake. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa nasaba za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba Basenji ana undugu wa kweli na mbwa wa asili wa Afrika. Yule mbwa mrefu mwekundu anayeitwa mbwa wa Farao, pamoja na jina lake la Kimisri, alionekana kuwa wa asili ya nje kwa sehemu kubwa. Mbwa wa vijiji vya Uganda, majirani zetu, walikuwa karibu wote wa asili bila kuchanganyika sana. Basi usimcheke mbwa wa manyoya mafupi aliyelala chini ya ghala lako. Huenda ukoo wake ni wa kale kuliko wa mbwa wa polisi.

Rhodesian Ridgeback, aliyetumiwa kuwazingira simba, si vigumu kumjua. Ni mkubwa, dume hufika sentimita 69 begani, na juu ya uti wa mgongo ana mstari wa manyoya yanayoelekea mbele badala ya nyuma. Mstari huo tu hautoshi, maana mbwa wa mchanganyiko pia huweza kuwa nao.

Sasa tutazame tabia, maana umbo peke yake hudanganya. Mbwa wa kuwinda hujitegemea kwa mawazo. Ukimwita anaweza kukutazama kwanza, kana kwamba anapima kama inafaa kuja. Kitu kikikimbia mbele yake, naye hukimbia. Hatofautishi sungura na kuku wa jirani mpaka afundishwe tangu udogo. Kwa wageni hujitenga, lakini hatafuti ugomvi. Mkali wa kurukia kila mtu si dalili ya nasaba hata kidogo. Mara nyingi ni mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa na kupigwa. Kabla ya kuchukua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama yake. Mama akiwa mwoga mno au mkali mno, acha.

Na asinunue mtu mbwa huyu kwa nia ya kuingia naye mwituni. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuwinda. Hifadhi ya Ruma, iliyotengwa mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ndiyo makao ya mwisho ya korongo katika Kenya nzima. Kazi ya mbwa kwetu ni kulinda mbuzi na kufukuza tumbili kwenye mahindi.

Yako mambo matatu ambayo watu huyadhania kuwa nasaba, kumbe ni ugonjwa.

La kwanza ni wembamba. Mbwa wa mbio huweza kuonyesha mbavu za mwisho kidogo, lakini mgongo na mapaja yake yamejaa nyama ngumu, na manyoya yang'aa. Ukipapasa ukakuta mifupa ya kiuno imetokeza na manyoya yamefifia, hiyo ni njaa au minyoo.

La pili ni macho ya buluu. Wako mbwa waliozaliwa nayo. Lakini bonde la Lambwe ni nchi ya mbung'o, na vijidudu anavyoambukiza huwapata mbwa pia. Mbwa hupata homa, hukonda, uso huvimba, kisha jicho hufunikwa na ukungu wa buluu au mweupe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale ya binadamu si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Lakini mbung'o hakulisikia tangazo hilo. Jicho likiwa safi jana na leo lina ukungu, mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo apimwe damu, maana yako na maradhi mengine yafanyayo hivyo.

La tatu ni kutobweka, na hapa ndipo watu hufa. Basenji habweki kama wengine, lakini si bubu. Hutoa sauti kama ya kuimba, hulia na hunguruma. Tena yuko hivyo tangu utotoni. Mbwa mwenye kichaa huweza kupoteza sauti au kuwa na sauti ya kukwaruza kwa sababu koo limepooza. Taya hulegea, mate humtoka, hawezi kumeza. Mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono kinywani autoe. Usifanye hivyo kamwe. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, au mkali akawa mpole wa ajabu, usiseme ni tabia ya ukoo. Wafunge watoto ndani, usimguse, ukamwite afisa wa mifugo.

Mbwa wa kila nasaba achanjwe akifika miezi mitatu, na tena kila mwaka. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita kijijini. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate sindano, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana kumfungia bila kumgusa, atazamwe siku 10. Na akifa katika siku hizo, asizikwe wala kutupwa kabla afisa wa mifugo hajafika kuchukua kichwa chake kwa uchunguzi.