Kutoona Mbali kwa Kiwango Kikubwa na Hatari Yake kwa Retina

Mnunuzi wa miwani hupewa cheti kinachoonyesha nguvu ya lenzi inayohitajiwa na kila jicho. Namba iliyotanguliwa na alama ya kutoa humaanisha kwamba jicho halioni vyema vitu vya mbali. Namba hiyo ikifika -6.00 au kuipita, wataalamu huiita hali hiyo kutoona mbali kwa kiwango kikubwa. Wengine huanza kuhesabu kwenye -5.00. Tunamwomba mwenye cheti cha namna hiyo atambue kwamba namba ile haielezi unene wa lenzi pekee. Aghalabu hudokeza pia urefu wa jicho lake.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Jicho lisiloona mbali kwa kawaida limerefuka kupita kiasi, hata mwanga ukakutana kabla ya kuifikia retina, yaani utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Katika kiwango kikubwa, urefu huo mara nyingi hufika milimita 26 au zaidi. Milimita mbili ni kitu kidogo mkononi, lakini si kidogo ndani ya jicho: retina huvutika na kukonda, mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma kubwa kuliko kipimo chake.

Madhara hutokea mahali pawili. Kwenye kingo, retina iliyokonda huweza kutoboka au kuchanika, hasa pale ute unaojaza jicho unapojitenga nayo na kuivuta. Majimaji yakipenya kwenye tundu hilo, huibandua retina kutoka kwenye tabaka linaloilisha. Retina iliyobanduka isiporudishwa mapema kwa upasuaji, uoni huweza kupotea moja kwa moja. Katikati ya retina ndiko kuliko na sehemu tunayoitumia kusoma, kutunga uzi sindanoni na kutambua nyuso. Hapo mvutano huleta nyufa, na pengine mishipa mipya dhaifu ya damu huota chini yake na kuvuja. Mishipa hiyo hutibiwa kwa sindano za dawa zinazodungwa ndani ya jicho. Lakini sehemu iliyokwisha kukonda na kufa hakuna dawa inayoirejesha.

Hapa ndipo wateja wengi hupotoka, wala hatuwalaumu, kwani matangazo ya biashara hayalitaji jambo hili. Miwani husahihisha njia ya mwanga tu. Lenzi nyembamba za bei ya juu hupendeza usoni na hupunguza uzito, lakini haziilindi retina kuliko zile nene za nguvu ileile. Hata upasuaji wa leza hubadilisha umbo la kioo cha mbele cha jicho, nao haulifupishi jicho. Aliyefanyiwa na kuacha miwani angali na jicho refu na retina iliyovutika. Ahifadhi cheti chake cha zamani na kumwonyesha kila daktari atakayempima.

Vipimo vya bure vinavyotolewa madukani aghalabu hupima nguvu ya lenzi, si afya ya retina. Uchunguzi wa retina hufanywa baada ya kutiwa matone ya kupanua mboni, na tunashauri mwenye kiwango kikubwa aulizie uchunguzi huo kila mwaka, au kwa muda atakaopangiwa na daktari. Kwa saa kadhaa baada ya matone hayo mwanga huumiza macho na maandishi hufifia. Kwa hiyo asiendeshe chombo, na ikiwezekana afuatane na mtu.

Retina haina hisia ya maumivu. Usisubiri jicho liume. Ukiona ghafla vimulimuli kama vya radi, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Vilevile fumba jicho moja moja na kutazama mwimo wa mlango: ukionekana umepinda, nenda ukapimwe bila kukawia. Nchini Tanzania, hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi zina idara za macho, na kituo kilicho karibu nawe chaweza kukuandikia rufaa.

Ufikapo mapokezi, usiseme tu kwamba macho yanasumbua, kwa kuwa maneno hayo huweza kukuweka nyuma ya foleni ndefu. Taja dalili uliyoiona, saa ilipoanza, jicho lipi, na namba ya miwani yako.