Boila ya Kadiri ya Nyumba: Nasaha kwa Wakaazi wa Uingereza

Mtu aliyelelewa Tanga au Unguja, ambako baridi ya Julai huondolewa kwa shuka moja, akihamia Uingereza hukuta kabatini mwa jikoni boila ya gesi, ipashayo maji na kuyasukuma katika rejeta za kila chumba. Na siku ya kuibadilisha inapowadia, aghalabu hushauriwa anunue kubwa zaidi, ati kwa tahadhari. Shauri hilo ndilo tunalolipinga.

Boila ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuirudishia nyumba joto lipotealo kutani, paani na madirishani, na kipimo chake si idadi ya vyumba, wala si boila iliyotangulia, ambayo huenda ilitiwa kabla dari halijatandikwa sufi na madirisha hayajapata vioo viwili, bali ni hesabu ya kila chumba kwa usiku wa baridi iliyoshitadi. Na nyumba nyingi za wastani zilizozibwa vyema, zikihesabiwa kwa insafu, hutoshelezwa na kilowati 10 au pungufu. Boila iliyopita kadiri huwaka dakika chache, ikazimika, ikawaka tena mchana kutwa, vyuma vikachakaa na gesi ikateketea bure. Kwa hiyo muulize fundi si nguvu ya juu ya boila tu, bali pia kiwango cha chini kabisa inachoweza kushukia.

Kazi ya pili ni maji ya kuoga, nayo ndiyo ipandishayo idadi ya kilowati. Boila isiyo na tangi, yenye kilowati 24, hutoa takriban lita 10 kwa dakika zilizoongezwa joto nyuzi 35. Ya kilowati 30 hutoa lita 12 hivi. Penye bafu moja, ile ya 24 yatosha. Penye mabafu mawili yatumikayo kwa wakati mmoja, tangi la maji moto ni bora kuliko kuongeza kilowati, mradi maji yake yafikishwe nyuzi 60 ili vijidudu vya Legionella visistawi.

Kazi yote ya gesi ifanywe na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register: mtake kitambulisho, ukigeuze, usome nyuma yake kazi alizoruhusiwa. Kisha mtake hesabu ya joto kwa maandishi. Akikataa, mwite fundi mwingine kabla hujatia saini.